Unataka kuunda mashine ya cheche? Anzia kwa muuza bakuli

Umeona video ya msichana akigusa tufe la chuma, nywele zikasimama wima, nawe ukajiambia, "Hata mimi naweza." Kweli unaweza. Mashine hiyo ni jenereta ya Van de Graaff, iliyobuniwa mwaka wa 1929 na Mmarekani Robert Van de Graaff. Wengi hukwama kwa tufe. Ukiliagiza ng'ambo, bei ni moto.

Basi vaa viatu, twende Kamukunji. Tafuta bakuli mbili za chuma kisichoshika kutu, za mviringo na zinazotoshana. Zikutanishe mdomo kwa mdomo: tufe ndilo hilo. Mwombe fundi wa jua kali akukatie tundu chini la kupitishia mpira, kisha akunje makali yaingie ndani.

Muuzaji akikusifia uzito, usilipie uzito. Chaji hukaa kwenye uso wa chuma, kwa hivyo bakuli jepesi linatosha. Unacholipia ni ulaini. Hewa ikibanwa na takriban volti 30,000 kwa kila sentimita, huanza kupitisha umeme, na penye ncha au mkwaruzo hilo hutokea mapema. Pitisha pamba juu ya bakuli. Ikinasa mahali, hapo ndipo chaji itatorokea. Piga msasa.

Burashi za kupeleka chaji kwenye mpira ni kinyume chake: hizo zinataka ncha kali. Chuna kipande cha waya wa zamani, utawanye nyuzi zake. Kazi imeisha.

Sasa shaba. Ukihitaji waya wa koili, nenda kwa mafundi wanaofunga upya mota, na uombe risiti. Mse akikunong'onezea shaba ya bei ya kutupa kichochoroni, jiulize imetoka wapi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nyaya za stima. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ingalipo. Usiwe wewe unayelipia giza la mtaa wenu.

La mwisho, na hapa hakuna mzaha. Utaona maikrowevu mbovu ikiuzwa kama chuma chakavu, na watu mtandaoni wakiifungua kupata transfoma. Wacha nayo. Transfoma hiyo hutoa takriban volti 2,000 zenye nguvu ya kuua papo hapo, na kapasita yake inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Tufe lako la bakuli lina volti nyingi zaidi lakini mkondo kidogo mno, ndiyo maana hukushtua tu. Hata hivyo, mwenye kifaa cha moyo asilikaribie.

Bakuli mbili, msasa, pamba. Jumamosi moja inatosha kuanza.