Kuteleza Juu ya Theluji: Je, Tumruhusu Binti Yetu?



Barua tunayoijibu mwezi huu imetoka kwa mama mmoja wa jimbo letu. Binti yake anasoma chuo huko Bloemfontein, Afrika ya Kusini. Ameandika nyumbani akiomba ruhusa na fedha kidogo, kwani wenzake wanakwenda siku tatu katika milima ya Lesotho kujifunza kuteleza juu ya theluji, naye anatamani kufuatana nao. Baba amesema hiyo ni anasa ya Wazungu. Mama hana ugomvi na mchezo wenyewe. Linalomkosesha usingizi ni kwamba mtoto wake wa mwisho ana ugonjwa wa selimundu, na amesikia kwamba baridi na milima ni adui wa ugonjwa huo. Huyu binti hajawahi kuugua hata siku moja. Je, naye yumo hatarini?

Swali hili linazigusa familia nyingi, hata zile ambazo hazitakanyaga theluji maisha yao yote. Kwa hiyo tutalijibu kwa urefu. Lakini kwanza tueleze mahali penyewe palivyo.

Sisi tukisikia theluji tunafikiria Ulaya, au kile kilele cha Kibo ambacho watu wa Moshi hukiona mawingu yanapofunguka. Lesotho nayo ni nchi ya juu sana. Hata sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huko ni baridi kali, na wachungaji wa Kisotho hujifunga blanketi nzito za sufu mabegani wakiwa malishoni. Wala si kwa urembo. Katika wilaya ya Butha-Buthe, juu kwenye bonde la Mahlasela, kuna kituo kidogo cha mchezo huu kiitwacho Afriski. Mteremko wake mkubwa una urefu wa kilomita moja hivi, na kando yake ipo miteremko mifupi ya wanaoanza. Theluji ya mawinguni haitoshi kwa msimu mzima, kwa hiyo usiku wa baridi mashine hurusha maji hewani, nayo huganda na kuanguka yakiwa theluji. Vifaa hukodishwa papo hapo na walimu wapo. Katikati ya wiki, shule za Afrika ya Kusini zikiwa hazijafungwa, mahali hapo huwa patulivu. Na kwa mtu ambaye tayari yuko Afrika ya Kusini, gharama zake hazifanani hata kidogo na za kusafiri kwa ndege hadi milima ya Alps.

Sisi tunaona udogo huo ni faida. Mteremko ukiwa mfupi, anayeanza hapati nafasi ya kuchukua mwendo wa kutisha, na akianguka anaonekana mara moja.

Kwa baba tuna neno moja. Mwezi wa Julai 1984 Papa Yohane Paulo II, akiwa na umri wa miaka 64, aliteleza juu ya theluji ya mlima Adamello huko Italia, na Rais Sandro Pertini alikuwapo. Kama fedha ipo au haipo, hilo ni la familia kuamua. Mchezo wenyewe hauna aibu.

HEWA YA JUU NA DAMU YETU

Kituo hicho kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kupita hapo hufika mita 3,222. Huo ni mwinuko unaopita kibanda cha Mandara kwenye Mlima Kilimanjaro, ambacho kiko mita 2,720. Katika mita 3,000 uzito wa hewa ni kama asilimia 70 tu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Maana yake, kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Mwili wenye afya hujitetea kwa kupumua haraka zaidi na moyo kupiga mbio, na baada ya siku chache huzoea.

Sasa tuje kwenye selimundu. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyu zikikosa oksijeni hupoteza umbo lake la duara, zikajikunja kama mundu. Zikishakuwa hivyo hunasa katika mishipa midogo na kuziba njia, na hapo ndipo yanapoanza yale maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo ambayo wazazi wa watoto hawa wanayajua vizuri kuliko sisi. Baridi huifanya mishipa isinyae. Upungufu wa maji mwilini huifanya damu iwe nzito. Mlimani mambo yote matatu hukutana mahali pamoja. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu tunasema wazi asiende huko, wala asipande Kilimanjaro na vijana wa parokia, isipokuwa daktari anayemtibu amelipima jambo hilo na kumkubalia.

Je, dada yake? Hapa inafaa kuelewa urithi unavyokwenda. Kila mtoto hupokea sehemu mbili za urithi wa damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Akipokea sehemu ya selimundu kutoka pande zote mbili, atakuwa mgonjwa. Akipokea upande mmoja tu, hataugua, lakini atakuwa mbebaji. Mara nyingi mtoto mgonjwa huzaliwa na wazazi wawili wazima ambao wote ni wabebaji bila kujua. Si kosa la mama peke yake, kama baadhi ya ndugu wa mume wanavyopenda kusema, wala si kulogwa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa, nafasi mbili za mbebaji, na moja ya mtoto asiye na selimundu kabisa. Kwa vile binti huyu hakuugua, ile nafasi ya kwanza tunaiondoa. Zinabaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji. Hivyo, mama, ni rahisi zaidi binti yako awe mbebaji kuliko asiwe.

Mbebaji si mgonjwa, na hatupendi mtu atoke katika ukurasa huu akiwa amejitia hofu. Wabebaji walio wengi hupanda milima na kurudi salama. Lakini madaktari wamekutana mara kadhaa na wabebaji ambao, walipofika milima mirefu na kujitumikisha sana, damu iliziba katika bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine pamoja na kichefuchefu na homa. Kijana asiyejua kwamba ni mbebaji atadhani amevimbiwa, au amejigonga alipoanguka, naye ataendelea kucheza. Anayejua atateremka mara moja na kumwambia daktari neno lile moja ambalo litamsaidia kuitambua shida.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni kipimo cha damu kabla ya safari. Kuna kipimo rahisi kinachoonyesha tu kwamba selimundu ipo. Hicho hakimtenganishi mbebaji na mgonjwa. Aombe kile kinachochambua aina ya hemoglobini. Majibu hayo yatamfaa pia siku atakapoleta mchumba nyumbani, na hapo umuhimu wake utakuwa mkubwa kuliko wa safari hii.

UGONJWA WA MWINUKO

Huu humpata mtu yeyote, hata mwanariadha. Nguvu za mwili hazimkingi mtu, na pengine vijana wenye nguvu ndio huumia zaidi kwa sababu hukimbilia juu. Huanza kwa kawaida kuanzia mita 2,500, saa chache baada ya kufika: kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa kukatika-katika. Mwenye dalili hizo apumzike, anywe maji, asipande juu zaidi. Zikizidi, ateremke.

Dalili za hatari ni nyingine. Mgonjwa akihema hali amekaa tu, akikohoa mfululizo, au ulimi na ndani ya midomo ikiwa ya bluu (kwetu watu weusi hapo ndipo pa kutazama), mapafu yake yanajaa maji. Akipepesuka kama mlevi na kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, au akiongea yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Huyo hangojewi mpaka asubuhi. Ateremshwe usiku huo huo, na apewe oksijeni kama ipo.

Kinga ni kutokuwa na haraka. Kinachomuumiza mtu zaidi ni mahali anapolala. Vijana hawa wangelala usiku wa kwanza chini, katika mji wa Butha-Buthe, ndipo wapande asubuhi. Chumba huko chini pengine kitawagharimu kidogo kuliko kule juu, nao wataipita ile barabara ya Moteng mchana badala ya usiku wenye barafu. Kusema kweli, barabara hiyo inatutia wasiwasi kuliko mteremko wa mchezo. Pombe na dawa za usingizi waziache, maana hupunguza kupumua usiku.

BARIDI, JUA NA JIKO

Nguo za pamba zikilowa hazimpashi mtu joto. Avae sufu ndani na koti lisilopitisha maji juu, glovu, na soksi za akiba. Kutetemeka ni onyo la kwanza. Mtu akiacha kutetemeka na ulimi ukawa mzito, hali imekuwa mbaya. Vidole vilivyokufa ganzi visisuguliwe wala kuelekezwa motoni. Vitumbukizwe katika maji ya vuguvugu, ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko. Mwenye pumu asiiache dawa yake ya kuvuta chumbani, kwani hewa kavu ya baridi huamsha pumu.

Jua nalo lina ukali wake, hata kama hewa ni ya kugandisha. Theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, kwa hiyo mtu huchomwa kutoka juu na kutoka chini, mpaka ndani ya pua. Asiyevaa miwani ya kukinga miale hiyo huamka usiku macho yakiuma kana kwamba yamejaa mchanga. Akae gizani, asiyasugue. Mara nyingi hupona baada ya siku moja au mbili. Ndugu zetu wenye ualbino wawe waangalifu maradufu. Ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa tunapenda kujidai haiungui.

Kuna hatari moja ambayo wenzetu wa Makete, Njombe na Lushoto wanaifahamu kwa machozi, nayo ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mafuta ya taa na gesi katika chumba kisichopitisha hewa huweza kuua vivyo hivyo. Sumu yake haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma na kutapika, sawasawa na ugonjwa wa mwinuko. Tofauti moja inaweza kusaidia: wote waliolala chumba kimoja wakiamka na kichwa kinauma, na wakipata nafuu wakitoka nje, washuku jiko. Jiko lizimwe kabla ya kulala, hata kama baridi ni ya kutoa meno.

MAGOTI

Majeraha ya mchezo huu mara nyingi ni ya goti. Mguu umefungwa kwenye ubao mrefu, na mtu akianguka ubao hugeuka na kupinda goti. Kwa sababu hiyo vishikizo vya buti hutengenezwa viachie vyenyewe wakati wa kuanguka, na hukazwa kwa kufuata uzito, kimo na ujuzi wa mtu. Binti akiulizwa kilo zake dukani aseme kweli, hata kama wavulana wanasikiliza. Kofia ngumu avae. Asome na mwalimu siku ya kwanza, ajifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda. Anapoanguka aziachie fimbo, kwa sababu kidole gumba hukatika kano zake kikiwa kimezishika. Aliye nyuma ndiye anayewajibika kumkwepa aliye mbele. Na saa ile miguu inapoanza kutetemeka kwa uchovu, huku wenzake wanasema “mara moja ya mwisho”, hapo ndipo pa kuvua buti.

Basi, mama, kwa maoni yetu binti yako anaweza kwenda, akishapima damu. Akionekana hana selimundu kabisa, afuate haya ya kila mtu. Akiwa mbebaji, alale chini usiku wa kwanza, siku ya kwanza acheze nusu siku tu, anywe maji hata kama hana kiu, na amweleze rafiki mmoja anayemwamini kuhusu maumivu ya upande wa kushoto. Majibu ya kipimo ayaandike kwenye karatasi pamoja na namba ya simu ya nyumbani, aiweke katika mfuko wa ndani wa koti.

Na mdogo wake aliyebaki nyumbani, hakikisha anakwenda kliniki kwa tarehe zake.

Wenye maswali mengine waandike kwa kupitia ofisi ya parokia. Mwezi ujao tutajibu barua ya mzee anayeuliza kuhusu mtoto wa jicho.