Mfumo wa kuwasha injini ya petroli

Mfumo wa kuwasha injini ya petroli ni mkusanyiko wa vifaa vinavyotoa cheche ya umeme ndani ya silinda ili kuchoma mchanganyiko wa hewa na petroli. Mfumo huo hupokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri na kuukuza hadi volti 20,000 au zaidi, ili uweze kuruka mwanya mdogo ulio kwenye ncha ya plagi. Injini ya dizeli haihitaji cheche, kwa sababu hewa iliyomo ndani yake hubanwa sana hadi joto lake linatosha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa.

Mfumo wa kuwasha ni tofauti na stata. Stata ni mota inayozungusha injini kwa sekunde chache za mwanzo tu, lakini cheche inahitajika muda wote injini inapofanya kazi. Kama stata haizungushi injini, tatizo huwa kwa kawaida kwenye betri, nyaya zake au stata yenyewe. Kama inazungusha vizuri lakini injini haiwaki, cheche na petroli ndizo za kuchunguzwa kwanza.

Historia

Msingi wa mfumo huu ni ugunduzi wa Mwingereza Michael Faraday, ambaye mwaka 1831 alionyesha kwamba badiliko la sumaku karibu na waya huzalisha umeme katika waya huo. Nchini Ujerumani, Karl Benz alitumia betri na koili kupata cheche katika gari lake la mwaka 1886, wakati Gottlieb Daimler alitumia mrija uliopashwa moto kutoka nje. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi katika kampuni ya Robert Bosch, alitengeneza magneto ya volti kubwa iliyofanya kazi pamoja na plagi.

Nchini Marekani Charles Kettering aliunda mfumo wa betri, koili na pointi uliotumika katika magari ya Cadillac mwaka 1910. Muundo wa aina hiyo, wenye disitributa ya kugawa umeme kwa kila plagi, ulienea duniani kwa miongo mingi. Udhaifu wake ulikuwa pointi, ambazo huungua na kulika, hivyo zilihitaji kusafishwa na kurekebishwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 transista zilianza kuchukua nafasi ya pointi, na baadaye disitributa yenyewe iliondolewa katika magari mengi.

Sehemu za mfumo

Gari la kisasa huwa na sehemu zifuatazo:

- Betri na alteneta: hutoa umeme wa volti ndogo.
- Swichi ya kuwashia: huruhusu umeme kufika kwenye mfumo, kwa ufunguo au kwa kitufe.
- Sensa za krenki na kamshafti: hupima mahali pistoni zilipo na mwendo wa injini.
- Kompyuta ya injini: huamua wakati wa kutoa cheche katika kila silinda.
- Koili: hukuza volti. Katika magari mengi ya leo kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake moja kwa moja.
- Plagi: hupitisha umeme hadi ndani ya silinda. Ina ncha mbili za chuma zenye mwanya kati yake, na kauri nyeupe inayozuia umeme usivuje.

Utendaji

Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja: waya mnene wenye mizunguko mamia kadhaa, na waya mwembamba wenye mizunguko maelfu mengi. Umeme wa betri unapopita katika waya mnene hujenga uga sumaku. Kompyuta inapoukata umeme huo ghafla, uga huo huporomoka na kuzalisha volti kubwa katika waya mwembamba. Kwa hiyo cheche hutokea wakati umeme wa koili unapokatwa, si unapowashwa.

Katika injini ya mipigo minne kila plagi hutoa cheche mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Injini yenye silinda 4 huhitaji basi cheche 100 kila sekunde. Mpangilio wa kawaida wa silinda hizo ni 1-3-4-2.

Wakati wa cheche

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote papo hapo. Kwa sababu hiyo cheche hutolewa kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, ili msukumo mkubwa uje wakati pistoni imeanza kushuka. Injini inapokwenda kasi, cheche hutolewa mapema zaidi.

Cheche ikichelewa, gari hukosa nguvu na hutumia petroli nyingi. Ikiwahi mno, injini hugonga, na kugonga kwa muda mrefu kunaweza kutoboa pistoni. Magari mengi ya kisasa yana sensa inayosikia mgongo huo na kuiarifu kompyuta icheleweshe cheche kidogo. Zamani fundi alirekebisha taimingi kwa kuzungusha disitributa. Katika gari lisilo na disitributa kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Dalili za hitilafu

Dalili ya kawaida ni injini kumisi, yaani silinda moja au zaidi kukosa kuchoma mafuta yake. Injini hutetemeka ikiwa sailensi, gari husitasita linapopanda mlima, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Kifaa cha kusomea kompyuta huonyesha namba ya kosa: P0301 humaanisha silinda ya 1 inamisi, P0302 silinda ya 2, na kuendelea. P0300 humaanisha kwamba tatizo linahama kati ya silinda.

Taa hiyo ikimetameta, hitilafu ni kubwa na dereva anashauriwa kupunguza mwendo na kusimama mahali salama. Petroli isiyoungua huingia kwenye eksosi na kuungua ndani ya kisafishio cha moshi, ambacho huweza kuyeyuka. Hivyo koili moja iliyoachwa bila kubadilishwa inaweza kuharibu kifaa chenye bei kubwa zaidi.

Namba ya kosa hutaja silinda, haitaji kifaa kilichoharibika. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kuhamisha koili ya silinda inayomisi kwenda silinda nyingine, kufuta kosa na kuwasha gari tena. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, plagi, waya, nozeli au mgandamizo wa silinda vichunguzwe.

Matunzo

Plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000 hivi, na za iridiamu au platini zinaweza kufika kilomita 100,000. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja muda kamili, aina ya plagi na mwanya wake, ambao mara nyingi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1. Mwanya ukipanuka kwa kulika, koili hulazimika kutoa volti kubwa zaidi na huharibika mapema.

Plagi iliyotolewa huonyesha hali ya injini. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya kawaida. Masizi meusi makavu huonyesha petroli kuzidi, oili huonyesha ringi au sili za vali zilizochoka, na weupe wenye malengelenge huonyesha joto kupita kiasi.

Plagi hufunguliwa injini ikiwa imepoa, baada ya kupuliza vumbi kwenye shimo lake. Plagi mpya huanza kufungwa kwa mkono ili nyuzi zisikatike, kisha hukazwa kwa spana kulingana na kipimo cha mtengenezaji. Oili ikikutwa ndani ya shimo la plagi, gasketi ya kifuniko cha vali ibadilishwe, la sivyo itaharibu koili mpya. Kuosha injini kwa maji ya presha pia huingiza maji kwenye mashimo hayo.

Usalama

Umeme wa koili unaweza kumrusha mtu na ni hatari hasa kwa mwenye kifaa cha kusaidia moyo. Desturi ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwaka ili kuona cheche haifai kwa magari ya kisasa, kwa kuwa umeme unaokosa njia huweza kuunguza koili au kompyuta. Swichi izimwe kabla ya kuchomoa koili yoyote.