KUWAPATA WAFANYAKAZI WAAMINIFU WA SALUNI MPYA

Kila mmoja na awe na kalamu na karatasi karibu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni juu ya jambo linalowasumbua wengi wanaoanza biashara ndogo, yaani namna ya kuwapata wafanyakazi waaminifu. Tutatumia mfano wa saluni ya wanawake. Biashara hii imeenea katika miji yetu yote, na mfanyakazi wa saluni hukabidhiwa vitu vingi kwa wakati mmoja.

Na tumfikirie mwanamke mmoja wa Tanga. Amekopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Amepanga fremu, akanunua viti vitatu, draya mbili, kioo kirefu, dawa na mafuta ya nywele. Kila mwezi hana budi kulipa kodi ya fremu na rejesho la mkopo. Yeye mwenyewe hawezi kukaa pale toka asubuhi hadi usiku, kwa sababu ana watoto wa kulea na mama mgonjwa wa kuuguza. Basi anahitaji wasusi wawili, na mtu mmoja wa kupaka hina na kutengeneza kucha. Akikosea katika kuwachagua watu hawa, saluni itakufa lakini deni litabaki, na waliomdhamini ni wanawake wenzake wa kikundi. Kwa hiyo swali la "Nitampata wapi mtu mwaminifu?" si swali dogo hata kidogo.

UAMINIFU MAANA YAKE NINI?

Watu wengi wakisikia neno uaminifu hufikiri fedha tu. Katika saluni uaminifu una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni fedha na vifaa. Hiyo kila mtu anaijua.

Sehemu ya pili ni mwili wa mteja. Dawa ya kulainisha nywele ina kemikali kali ziwezazo kuunguza ngozi ya kichwa, hasa ikiachwa kupita muda ulioandikwa kwenye kopo, au ikipakwa juu ya ngozi yenye mikwaruzo. Piko iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele huweza kumtoa bibi harusi malengelenge mikononi. Wembe uliomkata mtu mmoja, ukitumiwa kwa mwingine, waweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B. Msusi anayejua kuwa muda wa dawa umepita naye akanyamaza, huyo si mwaminifu, hata kama hajagusa senti ya mtu.

Sehemu ya tatu ni siri za watu. Mwanamke akiketi kwenye kiti cha msusi saa nne au tano, husema mengi ya nyumbani kwake. Maneno hayo yakitoka nje, mteja harudi tena, wala hatasema kwa nini harudi.

Sasa basi, sehemu zote hizi tatu hazionekani usoni mwa mtu. Anayekuja kuomba kazi huwa mpole, msafi na mwenye salamu nzuri. Kwa hiyo mwenye saluni ana kazi mbili: kwanza kumpima mtu kabla ya kumwajiri, na pili kuweka utaratibu ambao utamsaidia mtu mwema abaki mwema. Wengi huifanya kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

MAHALI PA KUTAFUTA

Kabla hujaanza kutafuta, andika kazi yenyewe kwenye karatasi. Je, wataka mtu wa kusuka tu, au ajue na kuweka dawa? Atafungua mlango saa ngapi? Ni nani atakayepokea fedha? Usipojua unachotaka, utamchukua yeyote atakayetangulia kufika.

Kisha tafuta mahali pengi. Viko vyuo vya ufundi stadi, pamoja na vile vya VETA, ambavyo vinafundisha ususi na urembo. Waulize walimu juu ya wanafunzi waliomaliza. Wako pia wasusi wanaosuka barazani majumbani mwao, na wengine ni hodari sana ingawa hawana cheti. Tena waulize wanawake wenye nywele zilizosukwa vizuri, "Amekusuka nani, nawe ulimwonaje?" Habari ya mteja aliyeridhika ni habari nzuri.

Juu ya jamaa, yafaa tuseme waziwazi. Mpwa wako aweza kuwa msusi bora, lakini jiulize: akichelewa kila siku, utaweza kumkanya bila ukoo mzima kuitisha kikao? Kama huwezi, usimwajiri. Na kama unamwajiri, masharti yake yawe sawasawa na ya wengine.

KUMPIMA MTU

Njia bora ya kumpima msusi ni kumwona akifanya kazi. Mwite siku moja, mpe kichwa cha kusuka au cha kuosha, nawe umlipe ujira wa siku hiyo. Tazama mambo haya: Je, amenawa mikono? Amesafisha vitana? Kabla ya kuweka dawa, ameuliza kama mteja ana vidonda kichwani, au kama amejikuna? Ametazama saa?

Halafu muulize maswali ya kazi. Mathalani: "Mteja akisema kichwa kinamuunguza, nawe unaona bado dakika tano, utafanya nini?" Jibu jema ni kuiosha dawa mara moja kwa maji mengi. Au: "Umevunja draya na hakuna aliyekuona. Utafanyaje?" Usitazame utamu wa maneno. Sikiliza kama anaeleza hatua atakazochukua, au anaapa tu kwamba yeye hana tabia hiyo.

Wako waajiri wanaoacha noti chini ya kiti makusudi ili wamwone atakayeiokota. Njia hii haifai. Hukueleza habari za noti moja kwa siku moja tu, na mfanyakazi akigundua kuwa alitegewa, atajua kwamba hapo mtu hukaa akitiliwa shaka. Mtu mwema mwenye ufundi atakwenda zake kwingine.

KUULIZA HABARI ZAKE

Mwombe kitambulisho chake cha taifa, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakokaa. Mwombe pia majina ya watu wawili wanaoijua kazi yake. Usiishie kuyaandika majina hayo. Wapigie simu, au waendee. Uliza maswali mepesi yenye jibu dhahiri: Alifanya kazi kwenu muda gani? Aliondoka kwa sababu gani? Ungepata nafasi, ungemwajiri tena? Swali hili la mwisho lina thamani sana. Mtu akisita kulijibu, endelea kuuliza kwa adabu. Lakini msikilize na mwombaji pia, maana huenda yule mwajiri wa kwanza ndiye aliyemdhulumu.

Kuna maswali ambayo hayafai kuwa sababu ya kumkataa mtu. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, na hata virusi vya UKIMWI. Kadhalika sheria hiyo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

MKATABA NA UJIRA

Huenda msikilizaji akauliza, "Saluni yangu ni ya viti vitatu tu, mkataba wa nini?" Jibu ni hili. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi, na ujira pamoja na jinsi unavyohesabiwa. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri hana budi kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Na mkifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nawe mwajiri huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlivyopatana utakuwa wako. Andika pia muda wa majaribio, kwa mfano miezi mitatu.

Saa za kawaida zisipite 45 kwa juma, wala 9 kwa siku. Zikizidi, ni kazi ya ziada, na saa hiyo hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Usisahau pia kumwandikisha katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF.

Sasa shikeni kalamu. Saluni nyingi hulipa kwa kamisheni peke yake. Tuseme kusuka rasta ni Shs. 20,000, na msusi hupata asilimia 40. Basi kila kichwa humpa Shs. 8,000. Mwezi wa harusi nyingi akisuka vichwa 60, atapata Shs. 480,000. Lakini ukifika mwezi wa Ramadhani, ambapo harusi ni adimu, akasuka vichwa 20, atapata Shs. 160,000. Je, kodi ya chumba chake imepungua mwezi huo? Haikupungua. Hapo ndipo mtu ambaye hakuwa mwizi huanza kumnong'oneza mteja, "Njoo nyumbani jioni, nitakusuka kwa Shs. 12,000."

Kwa hiyo ni afadhali kupatana mshahara wa msingi usiopungua kima cha chini kilichotangazwa na serikali, kisha kuongeza kamisheni ndogo kwa kila kichwa. Kima hicho hubadilishwa mara kwa mara. Mwulizeni afisa kazi wa mkoa wenu. Na siku ya malipo isiteleze. Mwajiri anayechelewesha mshahara majuma mawili hana ulimi wa kufundisha uaminifu.

MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mteja aandikwe: tarehe, kazi aliyofanyiwa, aliyeifanya, na fedha alizotoa. Tumia kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizokwisha kupigwa chapa. Bei zote zibandikwe ukutani, mteja azione mwenyewe. Siku hizi wengi hulipa kwa simu. Basi iwepo namba ya malipo ya biashara, nayo ibandikwe penye bei, ili fedha zisiingie katika simu ya mfanyakazi.

Kisha linganisha daftari na vifaa. Tuseme kopo moja la dawa latosha vichwa 8. Mwezi huu yamekwisha makopo 5. Mara 8, ni vichwa 40. Daftari laonyesha vichwa 31. Vichwa 9 viko wapi? Usipige kelele. Uliza kwanza. Pengine wateja kadhaa walikuwa na nywele ndefu, au kopo lilimwagika. Lakini pengo likirudi kila mwezi, na likawa zamu ya mtu yule yule, hapo una jambo la kuzungumza naye.

Hesabu hii ifanyeni pamoja kila Jumamosi, wote mkiona. Daftari humlinda mwenye mali, na humlinda na mfanyakazi. Fedha zikipungua mahali pasipo daftari, wote wanakuwa wezi mbele ya macho ya jirani, na msichana asiye na kosa huondoka na jina baya asiloweza kulisafisha mtaani.

UPOTEVU UKITOKEA

Usikate mshahara kwa hasira. Sheria yataka mambo haya: upotevu uwe umetokea kazini, kwa kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, deni liandikwe, naye akubali kwa maandishi. Tena makato hayo yasipite robo ya ujira wake. Kama ni wizi dhahiri, nenda polisi. Kumtangaza mtu mtaani, au kubandika picha yake mlangoni, si njia ya haki.

MUHTASARI

Basi tukumbuke. Andika kazi kabla ya kutafuta mtu. Mpime kwa kazi, si kwa sura. Waulize waliomjua. Patana naye kwa maandishi, mlipe kwa wakati, na weka daftari ambalo wote wanaliona. Ukiyafanya hayo, mtu mwema atapata sababu ya kukaa, na mwenye nia mbaya atakosa nafasi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Katika mtaa wenu, wafanyakazi wa saluni huacha kazi kwa sababu gani hasa?

2. Makopo 6 ya dawa yamekwisha, kila kopo latosha vichwa 8, na daftari laonyesha vichwa 45. Pengo ni vichwa vingapi? Mngeanza kwa kuuliza nini?

3. Shangazi amemleta binti yake aajiriwe, naye hajui kusuka. Mtamjibuje bila kuvunja udugu?