Akiondoka, Aende Wapi? Wanawake wa Kilosa na Mikumi Mbele ya Kipigo

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulitoa takwimu ambayo hadi leo inaniuma. Asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya hizi: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutojali watoto, kumnyima unyumba. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40.

Wapo wanaosema basi wanawake wenyewe wameridhia. Sikubaliani nao. Mwanamke anayejibu hivyo amefundwa na kungwi, ameambiwa na mama yake avumilie, na ameshapiga hesabu ya mahali pa kukimbilia.

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mjomba ndiye msemaji wa mpwa wake, naye mume hujua kwamba akizidisha mkono ataitwa kujieleza. Mwanamke mwenye shamba la ukoo anaweza kurudi akalima. Ardhi ikishauzwa, au akiolewa mbali, kinga hiyo inalegea. Hata kwenye mavuno ni hivyo: mume na mke wamepalilia ufuta wote wawili. Magunia yakishapimwa, fedha inaingia mfuko wa mume. Mke akiuliza, ndiko huko kuitwako kubishana.

Mikumi, mji wa barabara kuu ya kwenda Iringa na njia panda ya Ifakara, una wageni wengi. Mama lishe anayewauzia chakula madereva wa malori ana fedha yake ya siku. Itamlipia chumba, lakini haitampatia mzee wa kumsemea. Jirani wa chumba cha pili anasikia kila kitu, anaongeza sauti ya redio.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ipo PF3, fomu ya polisi ya kupatia matibabu. Lakini shauri likianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mara nyingi mume huomba radhi, mke akaambiwa arudi alee wanawe, huku mabinti wakisikiliza. Dawati likienda vijijini, liwaite kwanza makungwi na wajomba: hao ndio wanaoaminiwa wanaposema "vumilia", na wangeaminiwa vilevile wakisema "kashitaki".