VITA DHIDI YA MSUGUANO VIWANDANI

Kila askari analijua ganda la risasi, lakini si wengi wajuao kwamba huanza likiwa kisahani bapa cha shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mashine hukisukuma kisahani hicho ndani ya kalibu kikawa kikombe, kisha kikombe hurefushwa hatua kwa hatua. Sufuria nyingi za alumini na vipande vya bodi za magari navyo hupata umbo kwa kubanwa kalibuni.

Katika kazi hiyo adui mkubwa ni msuguano. Ukizidi, bamba hukwama ukingoni mwa kalibu, huwa jembamba na hatimaye huchanika. Mabaki yake hunata kalibuni na kukwaruza kila chombo kifuatacho.

Ndiyo maana mafundi hupaka mafuta. Hata hivyo, mafuta yakibanwa mno hukimbia, na chuma kikagusa chuma. Viwanda vingi viliongeza viungo vya klorini, ambavyo vinafaa sana kwa kazi lakini baadhi yake ni sumu kwa mazingira. Mwaka 2017 aina mojawapo iliorodheshwa katika Mkataba wa Stockholm ili ikomeshwe.

Wataalamu sasa wanajaribu chembe zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta. Mwaka 1992 Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitangaza chembe za tungsteni na salfa zenye matabaka kama kitunguu. Chembe za namna hiyo zikitiwa katika mafuta hujaza mabonde madogo ya uso wa chuma, hubiringika, au huchubuka na kuacha utando unaozuia chuma kisigusane na chuma.

Lakini silaha mpya bila nidhamu haishindi vita. Chembe hizo hupenda kushikamana na kuzama, kwa hiyo sharti zichanganywe barabara. Zikizidi kipimo husongamana na kuongeza msuguano ule ule zilioletwa kuupunguza. Tena vumbi lake likiwa kavu lisivutwe pumzini. Mchanganyaji na ajikinge.

Mwaka 1966 ripoti ya Peter Jost ilikadiria kwamba Uingereza ingeokoa pauni milioni 515 kila mwaka kwa kudhibiti msuguano na uchakavu. Basi fundi asiudharau mkebe wa mafuta: humo mna uhai wa kalibu yake na riziki ya karakana.