Mdosi Akikukatia Salo Juu Ulikuwa Mgonjwa, Soma Hii

Una miezi mitatu tu job, malaria inakulaza, halafu mdosi anasema siku hukukuja zinakatwa kwa salo. Tulia kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukishafanya miezi 2 mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa: siku 7 za mshahara mzima, kisha 7 za nusu mshahara, kila miezi 12. Mkataba wako unaweza kukupa zaidi, si pungufu.

Shida huwa ni karatasi. Wasee wengi hutuma tu meseji, "niko mgonjwa leo", wanalala. Ni sawa, lazima umjulishe mapema, lakini bila cheti chenye sahihi ya daktari hauna la kujitetea. Panadol ya dukani haina sahihi.

Wababa wapya, hapa ndipo mnalala. Mtoi akizaliwa una wiki 2 za mshahara mzima. Mama ana miezi 3, na anafaa kuandika barua angalau siku 7 kabla. Tena hiyo miezi 3 haili zile siku zake 21 za likizo ya mwaka. Mdosi akimwambia "si ulishapumzika?", amekosea. Kulea mtoi ni kupumzika wapi?

Ukipigwa kalamu juu ya mimba, au juu uliomba likizo yako, hiyo si sababu halali. Nenda kwa afisa wa leba kabla miezi 3 iishe, ukibeba barua na cheti.