Rezista ya shilingi chache, usalama wa taa ya omena

USIKU usio na mbalamwezi, ziwa mbele ya Mbita, Sori na Muhuru Bay humeremeta kama mji. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, samaki wadogo wanaofuata mwanga. Zamani karabai ndiyo iliyotamba. Siku hizi wengi hutumia taa za LED zinazowashwa kwa betri.

Kijana apendaye ufundi, awe Homa Bay au Migori, anaweza kujiundia taa hiyo. Lakini asipochagua vipuri kwa hesabu, atamwacha mvuvi gizani katikati ya maji, samaki wakitawanyika.

Tuanze na rezista, kazi yake kubana umeme. LED ndogo nyeupe hutumia volti 3 hivi, na haifai kupitishiwa zaidi ya miliampea 20. Tatu zikiungwa kwa kufuatana huchukua volti 9. Kwa betri ya volti 12 zinabaki 3. Gawanya 3 kwa 0.02: omu 150.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Betri iliyojaa hufikia karibu volti 12.7, na LED hupitisha miliampea 25 hivi. Itang'aa sana, kisha ife mapema. Chagua omu 220, yenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Mwanga utapungua kidogo, lakini taa itadumu.

Je, ukitaka swichi ndogo ya redio iwashe safu 10 kama hizo? Swichi hiyo huenda isihimili mzigo wote, basi mpe transista kazi hiyo. Safu hizo huvuta miliampea 170 hivi. BC547, inayopatikana katika redio nyingi, hubeba 100 tu; itaungua. Tumia BD139, inayobeba hadi ampea 1.5. Kati ya swichi na beisi, yaani mguu unaopokea amri, weka rezista ya omu 560 ya nusu wati. Ya robo wati itapata moto mno.

Angalia miguu pia: beisi ya BC547 iko katikati, ya BD139 iko pembeni.

Vipuri vilivyotolewa katika redio kuukuu vipime kwanza kwa mita. Kisha washa taa nyumbani usiku kucha kabla ya kumkabidhi mvuvi. Kinga ni bora kuliko tiba.